Chupa Isiyotoa Povu

Wangeci, maitu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimegeuza kibao cha mlangoni kisome tumefunga, ingawa ni saa tisa mchana tu. Leo ni Jumatatu. Hapa Othaya hakuna anayekuja kutengenezwa nywele Jumatatu ila aliye na maziko, na wiki hii Mungu ametuhurumia. Nimekaa kwenye kiti cha draya, kile kilichopasuka kitambaa, miguu nimeiweka juu ya ndoo niliyoipindua, na daftari lako la zamani liko mapajani. Nimechoka, maitu. Huu si uchovu wa kazi ya leo, kwa sababu leo sijamgusa mtu kichwa. Ni uchovu wa kubeba kitu kimoja kwa miaka mingi bila kukibadilisha mkono.

Mambo ya sweta na blanketi sitakuandikia. Kenol, unakokwenda kesho kuanza kazi, kuna joto kuliko huku, utajionea. Kula utakula, kwa sababu tangu uzaliwe hujawahi kusahau chakula hata siku moja. Mambo ya wanaume pia nayaruka, maana mimi si mwalimu mzuri wa somo hilo, na wewe mwenyewe ndiwe matokeo ya mtihani wangu. Nilikuzaa peke yangu, nikakupa jina la mama yangu, na ndiyo maana hadi leo nakuita maitu, mama yangu, hata nikikugombeza. Kumbuka hilo ukifika katikati ya barua hii. Ninayemwandikia ni mtoto wangu, lakini pia ni mama yangu, na sikuwahi kumdanganya mama yangu.

Nataka kukuandikia habari za chupa. Usicheke.

Unakumbuka ulivyokuwa ukizipanga pale kwenye benchi la wateja, kwa urefu, kama watoto wa shule wanaongoja uji? Ulikuwa na miaka minane. Ulisoma kila neno la nyuma ya chupa, na ulichoshindwa kutamka ulikitamka hivyo hivyo. Mimi kazi ya nywele nilifundishwa Karatina na mama mmoja aliyekuwa na sheria moja tu maishani. Alisema, "Kondishona ni kondishona. Kama inanukia mzuri, paka." Niliishi kwa sheria hiyo miaka mingi, na wateja walirudi, nikadhani najua kazi.

Halafu siku ile ukasimama mbele ya mke wa mzee wa kanisa, kichwa chake kiko kwenye sinki, maji yanamtiririka shingoni, ukainua chupa niliyotaka kumpaka ukasoma kwa ile sauti yako ya kusoma Biblia: "Maji. Cetearyl alcohol."

Yule mama akainuka kama aliyeumwa na siafu. "Ati nini? Mama Wangeci, unataka kunipaka pombe? Na mimi niko na mkutano wa wamama saa nane!"

"Si pombe, mama," nikamwambia. "Hiyo ni jina tu."

"Kama ni jina tu, mbona hawakuandika maziwa?"

Alitoka na nywele zimekauka kama nyasi za Januari, amekataa katakata kupakwa. Mimi nikabaki na aibu, kwa sababu nilisema si pombe na sikuwa najua kama si pombe. Kesho yake nilibeba chupa hadi duka la dawa la pale chini, na yule kijana akacheka hadi akavua miwani. Akanieleza kwamba hiyo ni mafuta magumu, kama nta, yanayofanya kondishona iwe nzito na nywele ziteleze chini ya kitana. "Hii haiwezi kulewesha hata kuku," akasema. Pombe inayokausha nywele ni ile nyingine nyepesi inayoruka hewani, na hiyo utaikuta zaidi kwenye vile vya kupuliza.

Toka siku hiyo tukawa na mchezo wetu. Kila chupa mpya ilipoingia, wewe ulisoma, mimi nikauliza watu, kisha tukajaribu kwenye vipande vya nywele. Tulijua kwamba linaloandikwa kwanza ndilo jingi, na la mwisho ni kidogo kama chumvi ya kunyunyiza. Ndiyo sababu ulimkera yule mteja wetu wa Kangari aliyependa kondishona yenye picha ya parachichi. Ulimwonyesha kwa kidole kwamba parachichi limeandikwa nyuma kabisa, baada ya manukato.

"Wacha nidanganywe," akakwambia. "Nyumbani avocado tunapatia nguruwe. Hapa angalau nasikia nimekuwa mtu wa maana."

Na lile jina refu, behentrimonium, ulilikata ukaliita Behe, kama jina la mbuzi. Tukagundua kwamba Behe ndiye anayefanya kazi yote wakati parachichi linapigwa picha. Unywele ukishaumia unamvuta Behe, naye anaung'ang'ania, kitana kinapita bila vita. Tangu hapo nikawa nasema moyoni, ukitaka kujua mtu anayekubeba, usimtafute mbele ya chupa. Haya, nimeanza kuhubiri, naacha.

Nilitaka tu kukumbusha kwamba hata baada ya kujua kusoma, niliendelea kuharibu. Yule mwalimu wa Chinga unamkumbuka, yule mwembamba mwenye sauti ya upole. Nywele zake zilikuwa zinakatika, nami nilikuwa nimetoka kusikia habari za protini, kwamba inajaza nyufa za unywele na kuutia nguvu. Nikampaka protini. Zikakaa vizuri. Nikafurahi, nikampaka tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, mwezi na nusu mfululizo. Nywele zikawa ngumu, zikalia chini ya kitana kama mabua makavu, na siku moja shungi zima likabaki mkononi mwangu. Hazikuwa na njaa ya nguvu zile nywele. Zilikuwa na kiu. Zilitaka maji na kitu cha kuyashika, nami nilikuwa nazishindilia chuma. Yule mwalimu aliangalia shungi lile, akafunga kitambaa, akaniambia, "Ni sawa, Mama Wangeci, ulikuwa unajaribu kusaidia." Afadhali angenitukana.

Huko uendako utakutana na mambo ambayo sikukufundisha kwa sababu hali ya hewa ni nyingine. Glisirini tunayoisifu hapa kwenye ukungu wa Julai, inayovuta maji hewani na kuyaleta kwenye nywele, ukiitumia kwenye jua na vumbi la Kenol haitapata maji hewani, itayavuta kutoka ndani ya unywele wenyewe. Na wale wateja wa barabarani wanaotaka kung'aa watakudai dimethicone bila kuijua jina. Inang'arisha kweli, ni koti la mvua zuri. Lakini koti juu ya koti juu ya koti, na mtu haogi, ndani kunakuwaje? Zioshe kwanza. Haya yote unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu nachelewesha, na unanijua vile ninavyopanga taulo upya nikiogopa kumwambia mteja kitu.

Kuna chupa moja ambayo wewe na mimi hatukuwahi kuisoma.

Unajua, kwa sababu kila saluni inafanya hivyo, kwamba chupa nzuri haitupwi. Tunanunua kondishona ya mtungi, ule wa lita ishirini, na hatuwezi kumpakulia mteja kwenye mtungi kama uji. Kwa hiyo tunajaza kwenye chupa iliyoisha. Mwenye akili anabandika karatasi. Mwenye haraka anasema nitabandika kesho.

Ulikuwa na miaka sita. Tata yako Muthoni, dada yangu mdogo, alikuwa anaolewa, na wewe ulikuwa wa kubeba maua. Nywele zako zilikuwa nyingi, laini, nyeusi tititi, za mama yangu kabisa, na mimi mjinga nikaona haziwezi kwenda harusini hivyo. Nikasema zitiwe dawa, zinyooke. Mtoto wa miaka sita. Hakuna aliyenilazimisha. Mama yangu alikuwa hai bado, na alisema, "Mwache mtoto na nywele zake." Nikamwambia hajui mambo ya siku hizi.

Ilikuwa siku moja kabla ya harusi, na saluni ilijaa ukoo mzima. Mfereji ulikuwa umekauka tangu asubuhi, tulikuwa na maji ya mitungi tu. Nilikuwa na msichana wa kazi aitwaye Njoki, wa miaka kumi na tisa. Jina hilo unalijua vizuri. Njoki alikuwa na mikono myepesi kuliko yangu, na wewe ulimpenda sana, ulikuwa ukilala mgongoni kwake saa za mchana.

Nilikupaka dawa mimi mwenyewe. Nilihesabu dakika vizuri, hapo sikukosea. Nikamwambia Njoki akuoshe. Sasa wewe ni fundi, unajua kinachofuata. Dawa ya kunyoosha haitoki kwa maji tu, sembuse maji kidogo. Lazima uoshe kwa ile shampuu ya kuzima dawa, povu likitoka, unarudia, unarudia, mpaka dawa iishe kabisa kichwani. Njoki akachukua chupa ya shampuu hiyo, ile kubwa nyeupe yenye pampu, akakupaka. Nilikuwa nyuma yake, mikono yangu imo kwenye kichwa cha bibi harusi.

Akaniita. "Mama Wangeci, hii haitoi povu."

Nikasema, "Ongeza."

Baada ya muda kidogo akasema tena, "Nimeongeza. Haitoi povu, ati. Kwani hii iko na nini?"

Na mimi, maitu, bila kugeuka, nikamwambia, "Njoki, usinimalizie maji. Paka, suuza kidogo, umtoe hapo, kuna watu wanangoja."

Alikutoa. Ulisema kichwa kinawasha, nikakupa biskuti. Ukasema tena, nikakwambia urembo ni kuvumilia. Kufikia jioni ulikuwa unapiga kelele, na nyuma ya sikio la kushoto mpaka kisogoni ngozi ilikuwa imefura na kuanza kutoa maji. Tulikupeleka hospitali umefunikwa na leso yangu. Kabla hatujaondoka, hapo nje ya saluni, mbele ya bibi harusi na mashangazi na wateja, nikamgeukia Njoki. Nilimwambia amemchoma mtoto wangu. Nilimwambia ni mvivu, ameshindwa hata kusuuza. Nilimwambia achukue nguo zake. Aliniambia, "Lakini nilikwambia, Mama Wangeci. Nilikwambia haitoi povu." Kila mtu alisikia, na hakuna aliyesikia. Alikwenda kwa miguu, na mfuko wa plastiki.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kurudi kwako hospitali, nilifungua saluni kutafuta kadi yako ya kliniki. Ile chupa nyeupe ilikuwa bado kwenye sinki. Nikaibonyeza mkononi. Kilichotoka kilikuwa kizito, cheupe, chenye harufu ya nazi. Kondishona ya mtungi. Nilikuwa nimeijaza mimi wiki mbili kabla, kwa mkono wangu huu, nikasema nitabandika karatasi kesho. Kondishona haizimi dawa wala haisafishi. Kazi yake ni kushikamana, si kuondoa. Ilikaa juu ya dawa na dawa ikaendelea kula ngozi yako, na maji ya kuiondoa nilikuwa nimeyakataza.

Ningeweza kwenda kwao siku hiyo hiyo. Ni mwendo wa nusu saa tu. Nilikaa chini kwenye sakafu, nikalia, halafu nikaiosha mikono, nikaficha chupa juu ya kabati, nikaja hospitalini. Shangazi zangu walikuwa wamepita kukuona kabla ya harusi, wamekaa pale wakimlaani Njoki. Nikakaa katikati yao. Sikusema kitu, na huko kutosema ndiko kukawa hadithi.

Harusi ulikosa, na maua alibeba mtoto mwingine. Nywele nyuma ya sikio hazikurudi. Shule ilipokunyoa kama wengine wote, kovu likaonekana, watoto wakakuita Ramani. Ulirudi ukilia, na ulipouliza ni nani alikufanya hivyo, nikasema ni msichana aliyekuwa hapa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili uliposimama mlangoni ukaniambia, "Nikipata huyo Njoki, hiyo dawa nitampaka kwa macho." Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nilizidisha kusonga, ugali ukawa mgumu kama jiwe, nawe ukanicheka. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu na niliimeza.

Ule mchezo wetu wa chupa, maitu, ulidhani ni mchezo. Mimi sikuwa nacheza. Baada ya siku ile niliogopa kila chupa, nikawa nataka mtu anisomee kilicho ndani kabla sijakigusa, na mtu huyo ukawa wewe. Ulijifunza kazi hii kutokana na woga wangu. Watu wanasema una kipaji, na ni kweli unacho, lakini mizizi yake iko hapo.

Sasa nakuja kwa yule mama wa Kenol, mwenye saluni uliyokwenda kuomba kazi.

Ulirudi kutoka kule ukiwa unaruka ruka. Ulisema Mama Kevo hakukuuliza hata cheti, alikupa chupa mbili za kondishona akakwambia uchague ya mteja mwenye nywele zinazokatika, ukasoma nyuma, ukachagua, ukamweleza sababu, akaitikia kwa kichwa. Ukasema ulipoinama kumwosha mteja kitambaa chako cha kichwa kikateleza, Mama Kevo akaona kovu, akakuuliza umezaliwa wapi na mama yako anaitwa nani. Ukasema macho yalimjaa machozi, kwamba ni mtu wa roho safi, anahurumia hata mgeni. Nilikuwa nakusikiliza nikikunja taulo. Nilikunja taulo moja mara nne.

Alinipigia Alhamisi. Nilijua sauti kabla hajasema jina.

"Mama Wangeci," akasema. "Ni mimi, Njoki. Siku hizi wananiita Mama Kevo."

Akasema, "Amekuwa mkubwa. Na anajua kazi. Anasoma chupa mbele na nyuma."

Nikamwambia, "Njoki, ile chupa ilikuwa ya kondishona. Nilijaza mimi."

Nikasikia draya zikivuma nyuma yake. Halafu akasema, "Najua. Nilijua kabla nifike nyumbani. Ilikuwa inanuka nazi kwa mikono yangu. Nilingoja uje useme. Nilingoja hata Krismasi."

Nikaomba msamaha, na maneno yalitoka madogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Hakuyakataa, hakuyapokea. Akaniambia neno hili, nakuandikia kama alivyolisema: "Mimi kazi nimempa, na sitaiondoa. Lakini siku moja atasikia mtu ananiita Njoki. Ataniangalia vile wateja wako waliniangalia siku ile. Hiyo sitaki mara ya pili. Mwambie kabla hajafika. Mwambie wewe, sio mimi."

Tangu Alhamisi nimekuwa natafuta namna. Ijumaa ulikuwa na furaha sana, nikaona nikuache. Jumamosi kulikuwa na wateja. Jana ulisimama mbele ya kanisa wakakuombea, mkono wako umenishika, na mchungaji akamshukuru Mungu kwa mama aliyekulea katika kweli. Nilitaka sakafu ipasuke. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, nikaficha baadaye, na sijui methali ya hiyo.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya begi la bluu, uisome ukiwa umeshafika, milima iko katikati yetu. Nimeiandika hadi hapa nikiwa na mpango huo. Kisha nikaona kwamba huo ni ujanja ule ule wa kuficha chupa juu ya kabati. Ungeisoma ukiwa peke yako kwenye chumba cha watu, na mtu wa kwanza kukuona ukiwa na hasira angekuwa Njoki, tena kwa kosa langu. Amebeba ya kutosha. Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, ukirudi, jua likiwa bado liko, ili ukitaka kunipigia kelele unipigie mimi, hapa, kwenye saluni hii, na majirani wasikie kama walivyosikia siku ile.

Siombi unisamehe leo. Kile ninachokiogopa nitakisema wazi: naogopa kwamba kesho utaondoka na hutarudi, hata Krismasi. Naogopa utapata kwa Njoki mama ambaye angekuambia ukweli, na mimi nitabaki hapa na mitungi. Nimekaa na woga huo leo mchana kutwa na umenichosha kuliko miaka yote ya kusimama. Lakini nikikupima wewe na woga wangu, wewe ni mzito zaidi.

Na usifikiri kwamba nilikupenda kwa sababu ya kovu, eti kwa kulipa. Nilikupenda kabla. Nywele zako nilizipenda hadi nikaziharibu, na hilo ndilo jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kufanya nikiwa nimeshika kitana.

Ukiwa fundi kule, siku moja utakuwa na msichana chini yako, na atakuita wakati mikono yako imejaa. Sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu mimi sikugeuka.

Nimepanda kwenye kiti nikashusha ile chupa juu ya kabati. Ndiyo, iko. Miaka kumi na minne sikuweza kuitupa wala kuitazama. Kondishona iliyobaki ndani imekauka ikawa njano. Nimeifuta vumbi, na nimefanya kile nilichosema nitafanya kesho. Nimekata karatasi kwenye daftari lako, nimeandika kwa kalamu nyeusi, nimebandika kwa gundi ya kope za bandia, maana nyingine sikuwa nayo. Imeandikwa: Hii ni kondishona. Nilijaza mimi, mama yake Wangeci. Njoki aliniambia.

Kama utakwenda Kenol, na naomba uende, mpe chupa hiyo. Kama utaona ni bora aletewe na mimi mwenyewe, niambie, kesho nifunge saluni tuende wote watatu, wewe, mimi na chupa.

Nasikia unaongea na mama wa mboga pale nje, unacheka. Nimekuachia kiti hiki. Chupa iko kwenye sinki. Mimi niko nyuma, jikoni, naweka chai, na mlango sijaufunga.

Mama yako,
Wanjirũ